Al Ahly hawazimiki: kwa nini wengine wanatamba miaka mitano wanapotea, wao wanabaki?

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila droo ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika) ikitoka na Al Ahly ya Misri wakaangukia kwenye njia ya timu zetu, maneno ya vijiweni huwa yaleyale: wana hela, wanabebwa na waamuzi, CAF yenyewe makao yake yako Cairo. Hela wanazo, hilo silibishi. Ila tukiishia hapo tunajinyima faida. Afrika imeshuhudia timu nyingi zenye hela, nyingine zikiwa na rais wa nchi nyuma yake, zikatamba miaka mitano sita kisha zikazimika kabisa.

Chukueni Hafia ya Conakry. Kombe la Klabu Bingwa Afrika walilibeba 1972, 1975 na 1977, na katikati ya hapo na baada yake wakacheza fainali nyingine mbili, 1976 na 1978. Fainali nne mfululizo! Rais Sekou Touré wa Guinea aliuona mpira kama sehemu ya mapinduzi yake, timu ikawa ya dola. Kizazi cha akina Chérif Souleymane na Petit Sory kilipochoka, nyuma yao hapakuwa na kitu. Hafia hawajaiona fainali ile tena mpaka leo. Canon Yaoundé nao walibeba 1971, 1978 na 1980, mawili ya mwisho wakiwa na Thomas N'Kono golini na Théophile Abega katikati. Wameishia hapo. Enyimba ya Aba ilichukua mara mbili mfululizo, 2003 na 2004, enzi za gavana Orji Uzor Kalu. Nayo tangu hapo haijarudi kileleni.

Sasa waangalieni Al Ahly: 1982, 1987, 2001, 2005, 2006, 2008, 2012, 2013, 2020, 2021, 2023, 2024. Makombe 12. Wanaowafuata, watani wao Zamalek na TP Mazembe ya Lubumbashi, wana matano matano. Lakini msihesabu makombe tu, isomeni hiyo miaka. Kati ya 1987 na 2001 kuna pengo la miaka 14. Kati ya 2013 na 2020 kuna pengo jingine la miaka 7. Maana yake nao hushuka kama wengine. Wanapopishana na Hafia ni kwamba wao wakishuka hawavunjiki.

Hoja yangu ndiyo hii, na nitaisimamia uzi mzima: utawala wa timu unadumu pale klabu inapokuwa kubwa kuliko mtu yeyote aliyemo, hata yule anayewapa raha, na viongozi wakawa tayari kuumia ili ibaki hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Februari 2008. Misri wametoka kubeba AFCON kule Ghana, kipa wa taifa ni Essam El Hadary wa Al Ahly, kipa bora wa mashindano. Mtu huyu ameshabeba nao Klabu Bingwa tatu. Ghafla akaondoka kimyakimya kwenda FC Sion ya Uswisi bila ruhusa ya klabu. Mambo yalipomchachia, Al Ahly hawakumfungulia mlango. Kesi ikaenda FIFA, jamaa akafungiwa miezi 4. Mlinda mlango bora Afrika, halafu unasema basi, aende! Mwaka huohuo walicheza fainali na Cotonsport ya Garoua, golini akiwa Amir Abdelhamid. Walishinda 2-0 Cairo, wakatoka 2-2 Cameroon, kombe likarudi nyumbani.

Na hii si tabia ya mwaka mmoja. Mwaka 1985 wachezaji wa kikosi cha kwanza waligoma. Rais wa klabu alikuwa Saleh Selim, nahodha wao wa zamani. Aliwasimamisha, akapeleka vijana kucheza na Zamalek kwenye Kombe la Misri. Vijana wakashinda 3-2. Hebu fikirieni kiongozi wa timu yetu yoyote anayeweza kufanya hivyo wiki ya dabi akalala usingizi.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya kiungo wao Abdallah El Said. Ilibainika ameshasaini na Zamalek huku mkataba wake ukielekea ukingoni. Al Ahly wakamsainisha upya ili asiende kwa mtani, kisha wakatangaza anauzwa. Alikuwa kiungo mchezeshaji wa timu ya taifa, miezi michache tu kabla ya Kombe la Dunia. Hakuvaa tena jezi nyekundu.

Karibuni tujadili. Nitaendelea na upande wa makocha.

#2 Mdau wa Temeke

Mkuu, umeandika vizuri lakini unawapamba sana. Mnyama, yaani Simba, amempiga huyo Al Ahly Dar, Uwanja wa Mkapa, mara ngapi? 2019 moja bila, Kagere. 2021 moja bila, Luis. Hata 1985 hukohuko unakokusema, Simba aliwafunga 2-1 Kirumba Mwanza. Kwa Mkapa hatoki mtu! Tukitoka nje ya Dar ndiyo figisu zinaanza.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Temeke, ushindi wote huo ni wa kweli na ni wa kujivunia. Hebu tuupitie mmoja mmoja, kwa sababu ndani yake mna jibu.

1985: Simba 2-1 Mwanza, kisha 2-0 kule Cairo, Simba nje. Lilikuwa Kombe la Washindi, na Al Ahly wakalibeba. Walilibeba 1984, 1985 na 1986, mara tatu mfululizo.

2019: tarehe 2 Februari walitufunga 5-0 pale Borg El Arab. Siku kumi baadaye Meddie Kagere akawafunga Dar. Simba tulivuka kundi kwa sababu ya uwanja wa nyumbani, nao wakavuka. Robo fainali wakaenda Pretoria, Mamelodi Sundowns wakawachapa 5-0. Hapa naomba msome taratibu. Kocha wa Sundowns siku ile aliitwa Pitso Mosimane. Mwaka uliofuata, timu ikiwa tayari imeshafika nusu fainali chini ya René Weiler, Mswisi huyo akaondoka. Al Ahly wakampigia simu nani? Pitso. Yule aliyewadhalilisha mabao matano. Aliwatoa Wydad ya Morocco nyumbani na ugenini, kisha Novemba 27, 2020 akaingia fainali dhidi ya Zamalek, Ahly na Zamalek kwenye fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza. Ngoma ikiwa 1-1, dakika ya 86 Mohamed Magdy "Afsha" akatuliza mpira nje ya boksi, akaufumua wavuni. Mbili moja. Mwaka uliofuata Pitso akachukua tena, 3-0 dhidi ya Kaizer Chiefs.

Timu zetu nyingi kocha aliyekufunga tano unamchukia maisha. Wao walimwajiri.

2021: bao la Luis Miquissone. Lile bao nalikumbuka vizuri: mbali kidogo, kipa El Shenawy anaruka hewani hafiki. Agosti mwaka huohuo Al Ahly wakamnunua Luis. Wiki zilezile Clatous Chama naye akaenda RS Berkane. Simba ilikuwa imetoka kubeba ligi mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021. Baada ya wawili wale kuondoka kwa pamoja, ligi ikahamia Jangwani kwa Yanga na haikurudi Msimbazi kwa misimu minne. Chama alirudi Januari, lakini treni ilikuwa imeshaondoka. Upande wa pili, Luis hakuwaka Cairo. Usajili ule ulikuwa hasara kwao. Wakafanyaje? Hawakufanya lolote. Walicheza fainali ya Afrika 2022 bila kumtegemea, wakafungwa na Wydad 2-0, na 2023 wakabeba.

Yaani mchezaji yuleyule: kuondoka kwake kulitikisa timu moja, na kutofaulu kwake hakukuigusa nyingine. Ukitaka kujua kama timu imejengwa au imebebwa, angalia hapo.

#4 Dada mpenda soka, Tanga

Kaka mleta uzi, mimi napenda kujua kitu kimoja. Hao viongozi wanaothubutu kumfukuza kipa bora, wanapata wapi jeuri? Hapa kwetu kiongozi akifungwa na mtani, wiki hiyohiyo wanachama wako getini.

#5 Mleta uzi

Dada yangu, umegusa penyewe.

Al Ahly imeanzishwa 1907 na mpaka leo ni klabu ya wanachama. Mwanachama wa pale si wa kadi ya kupigia kura tu. Ni familia inayokwenda Gezira, Nasr City au Sheikh Zayed wikiendi: watoto wanajifunza kuogelea, baba anacheza tenisi, mama ana shoga zake, jioni kuna mechi ya mpira wa wavu au kikapu au mikono ya klabu hiyohiyo. Analipia hayo. Kwa hiyo ukifungwa Jumamosi, mwanachama anakasirika kweli, lakini Jumapili bado anampeleka mtoto kwenye bwawa. Klabu ina uhai nje ya matokeo ya mechi. Rais anachaguliwa kwa kura na anapewa miaka yake.

Tazama mlolongo wenyewe. Saleh Selim alikuwa rais 1980 hadi 1988, akarudi baadaye hadi alipofariki Mei 2002. Akafuata Hassan Hamdy mpaka 2014, naye aliwahi kuichezea timu hiyo. Halafu Mahmoud Taher mpaka 2017. Kisha Mahmoud El Khatib, "Bibo", mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1983. Ndani ya miaka 40 marais wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja! Na watatu kati ya hao niliowataja walishaoga kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya timu hiyo. Mtu kama El Khatib huwezi kumwambia "wewe hujui mpira". Huwezi kumtisha kwa jina la mchezaji, kwa sababu jina lake ni kubwa kuliko la mchezaji. Jeuri yao inatoka hapo.

Kuna tukio la 2018 linaloonyesha ubavu huo. Turki Al-Sheikh wa Saudia alikuwa amepewa urais wa heshima na kumwaga pesa. Wakatofautiana na bodi, akajiuzulu ndani ya miezi michache. Majira hayo ya joto akainunua timu ndogo iliyoitwa Al Assiouty, akaibadilisha jina ikawa Pyramids, akaanza kuijaza mastaa. Al Ahly walijua wanajitengenezea mpinzani tajiri mjini kwao. Bado hawakumrudia kumpigia magoti.

Sasa nije kwa makocha kama nilivyoahidi, maana hapa ndipo napopapenda zaidi.

Manuel José, Mreno, ndiye aliyewapa makombe manne: 2001, 2005, 2006 na 2008. Ungetegemea akiondoka timu ianguke kama ilivyokuwa kwa wengi. Tazama kilichotokea. 2012 José aliondoka katikati ya safari, Hossam El Badry akapokea, wakabeba. 2013 El Badry akaondoka katikati ya safari kwenda Libya, Mohamed Youssef akapokea, wakabeba. 2020 Weiler akaondoka kabla ya nusu fainali, Pitso akapokea, wakabeba. Mara tatu kocha amebadilishwa njiani na kombe limekuja hata hivyo. Badry na Youssef wote walikuwa wachezaji wa zamani wa klabu hiyo, hawakuhitaji miezi sita ya kuzoea mazingira. Benchi lao lina watu wanaojua mambo yanavyofanyika pale kabla hawajaambiwa.

Na kombe la 2012 si la kutajwa kijuujuu. Februari 1 mwaka ule, Port Said, baada ya mechi na Al Masry, mashabiki wa Al Ahly zaidi ya 70 waliuawa uwanjani. Vijana. Wengine walikimbilia chumba cha wachezaji na walikufa humohumo mikononi mwa wachezaji wao. Mohamed Aboutrika, Barakat na Meteab walitangaza hawachezi tena mpira. Ligi ya Misri ikafutwa. Timu ikawa haina mechi za ligi, haina mashabiki viwanjani, nchi yenyewe iko kwenye misukosuko ya kisiasa. Walirudi mmoja mmoja. Mei, kwenye mechi ya marudiano na Stade Malien, Aboutrika akafunga matatu. Novemba wakafika fainali, wakatoka sare 1-1 nyumbani na Espérance ya Tunisia, timu iliyokuwa bingwa mtetezi. Kila mtu akajua imekwisha. Wakaenda Radès wakashinda 2-1, Gedo na Walid Soliman.

Mimi sijui timu nyingine duniani iliyobeba ubingwa wa bara bila kuwa na ligi ya nyumbani. Na mwaka uliofuata ligi iliishia njiani tena, wakabeba tena, 2-0 dhidi ya Orlando Pirates kwenye marudiano, Aboutrika akifunga bao la kwanza.

#6 Mdau wa Lubumbashi

Salamu toka Kamalondo. Ndugu, unaisema Mazembe kama mfano wa waliopotea? Sisi tuna makombe matano: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Tulikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, 2010, tuliwatoa Internacional ya Brazil bao mbili bila. Kipa wetu Kidiaba aliruka na makalio dunia nzima ikaona. Na nyinyi Watanzania msisahau Samatta na Ulimwengu walikuwa kwetu.

#7 Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, Mazembe siwezi kuwaweka kapu moja na Hafia hata kidogo. Nyinyi mmefanya kitu ambacho Hafia hawakukifanya: mmerudi. Toka 1968 hadi 2009 ni miaka 41, na timu ikarudi kileleni. Moïse Katumbi alipoichukua 1997 alijenga kwa akili. Uwanja wenu wenyewe mkaufungua 2011, mkawa na akademi, mkawa mnawalipa wachezaji vizuri kiasi kwamba Trésor Mputu alibaki Lubumbashi wakati Ulaya walikuwa wanamtamani. Samatta alikuja kwenu 2011 akitokea Simba, akaondoka Januari 2016 akiwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk. Mmetupa heshima kubwa, hatusahau.

Ninachokiona, nikitazama kwa mbali, ni kwamba Mazembe inapumua kwa mapafu ya mtu mmoja. Mwaka 2016 siasa zilimlazimu Katumbi kuondoka nchini, akarudi 2019. Timu haikufa. Mlibeba Kombe la Shirikisho 2016 na 2017, na hilo linaonyesha misingi ipo. Lakini Klabu Bingwa haijarudi tangu 2015. Mwaka 2024 mlifika nusu fainali na vijana wazuri sana, mkatoka 0-0 nyumbani, Cairo mkafungwa 3-0. Swali langu kwako kwa heshima: baada ya Katumbi, nani? Kama jibu lipo, basi nyinyi ndio wa pili kwa uimara Afrika, na nitafurahi.

#8 Mdau wa Nairobi

Hapa Kenya hiyo hadithi tunaijua vizuri sana. K'Ogalo (Gor Mahia) 1976 walimaliza ligi bila kupoteza mechi. 1987 wakabeba Kombe la Washindi la Afrika, sare ya 2-2 Tunis na Espérance, sare ya 1-1 Kasarani, goli za ugenini zikaamua. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kufanya hivyo, na hata Gor wenyewe hawajarudia. Ligi tunachukua, bara tunatolewa mapema. Mashabiki wapo, mapenzi yapo. Shida ni mishahara kuchelewa na kila uongozi mpya kuanza upya.

#9 Mleta uzi

Asante sana mkuu. "Kila uongozi mpya kuanza upya", hilo naliwekea mstari. Na linahusu hata jirani wa karibu kabisa wa Al Ahly. Zamalek wako mji uleule, mashabiki wao ni mamilioni, ligi ni ileile, wachezaji wa Kimisri wanagombaniwa sokoni na wote wawili. Kama ingekuwa ni hela, ukubwa wa nchi na CAF kuwa Cairo, Zamalek nao wangekuwa na 12. Wana 5, na la mwisho ni la 2002. Wiki ileile waliyofungwa fainali ya 2020 na Afsha, bodi yao ilisimamishwa. Timu nzuri ilikuwepo, na ilithibitisha kwa kubeba ligi 2021 na 2022. Lakini ofisi ikiwaka moto, uwanjani moshi utafika tu.

#10 Mdau wa Jangwani

Mbona Wananchi (Yanga) hututaji? Ligi misimu minne mfululizo, fainali ya Shirikisho 2023. Na huyo Al Ahly tulimfunga 2014, Nadir Haroub "Cannavaro", moja bila, wakatutoa kwa matuta Alexandria. Je, tumeshakuwa himaya au bado?

#11 Mleta uzi

Swali zuri, nami nalijibu bila ushabiki.

Yanga imepita mtihani mmoja mgumu ambao Simba haikuupita 2021. Katikati ya 2023 mlimpoteza kocha Nasreddine Nabi, mkampoteza mfungaji wenu Fiston Mayele aliyekwenda Pyramids, na Fei Toto akahamia Azam. Watatu hao ndani ya dirisha moja. Timu nyingi hapo ndipo zinapofia. Miguel Gamondi akaja, Pacôme Zouzoua akaja, na ligi mkabeba. Msimu wa 2024/25 mkawa na makocha watatu ndani ya msimu mmoja, Gamondi, Ramović na Hamdi, na ubingwa ukabaki Jangwani. Hiyo ni dalili ya kikosi kinachojua kazi yake hata benchi likiyumba.

Na kuna jambo nataka kila Mwananchi alijue. Msimu wa 2023/24 Al Ahly walibeba Afrika bila kupoteza mechi hata moja. Kuanzia hatua ya makundi mpaka fainali, mechi 12, waliruhusu bao moja tu. Lilifungwa wapi? Kwa Mkapa, Desemba 2023. Percy Tau alikuwa ametangulia kuwafungia dakika za mwisho, watu wakaanza kusogelea mageti, Pacôme akasawazisha dakika ya 90. Belouizdad hawakuwafunga, Medeama hawakuwafunga, Simba, Mazembe na Espérance hawakuwafunga. Yanga tu.

Lakini angalia msimu uliofuata: Yanga hamkuvuka makundi. Hapo ndipo napoweka "bado". Kutawala ligi ya nyumbani kunategemea pia mtani yuko katika hali gani. Nabaki na swali lilelile nililomuuliza ndugu wa Lubumbashi: anayegharamia leo akichoka kesho, mshahara unalipwa na nini? Simba na Yanga zote mbili ni za miaka ya 1930, zote ni za wanachama kwa historia, na zote zimekuwa na vipindi vya neema akiwepo mfadhili na vipindi vya kufunga mkanda akiondoka. Mabadiliko ya umiliki yanayozungumzwa miaka yote hii, asilimia 51 kwa 49, naona watu wanajadili nani atapata nini. Sijasikia sana mjadala wa viwanja vya mazoezi, timu za vijana, na vyanzo vya mapato visivyotegemea moyo wa mtu.

#12 Mdau wa Temeke

Mkuu nakuelewa, ila mechi ya 2024 robo fainali ilituuma. Tulicheza sisi, wakafunga wao.

#13 Mleta uzi

Hiyo mechi naomba tuitazame vizuri, kwa sababu ni darasa tosha. Machi 29, 2024. Uwanja umejaa, Simba wanaingia na moto. Dakika ya nne tu, Ahmed Nabil Koka anaunganisha, 1-0. Halafu? Dakika zote zilizobaki hawakuwa na haraka na kitu chochote. Mkisukuma wanarudi mistari miwili iliyobanana, mkipoteza mpira wanaukalia, kipa anachukua muda wake. Hawakuaibika kucheza vibaya. Wiki iliyofuata Cairo, 2-0, kwaheri.

Linganisha na ule ufunguzi wa African Football League, Oktoba 2023, palepale. Reda Slim aliwatanguliza kabla ya mapumziko. Kibu Denis akasawazisha, Sadio Kanouté akatupa uongozi, uwanja mzima ukasimama. Dakika chache tu Kahraba akarudisha, 2-2. Marudiano 1-1, wakavuka kwa mabao ya ugenini. Sisi tulikumbuka dakika zile tulizoongoza. Wao walikuwa wanahesabu mechi mbili.

Kitu kingine ni uvumilivu. Machi 2023 Sundowns waliwafunga 5-2 Pretoria. Walikuwa wameshafungwa na Al Hilal Omdurman, na wangeweza kutoka kwenye makundi. Marcel Koller alikuwa na miezi michache tu kazini. Hawakumfukuza. Mechi ya mwisho wakawafunga Al Hilal 3-0 Cairo, wakalingana pointi 10, wakavuka kwa matokeo ya wao kwa wao. Juni, kule Casablanca, Wydad wanaongoza 1-0 na hesabu zinawabeba Wamorocco, dakika ya 78 beki Mohamed Abdelmonem akapanda kwenye kona akapiga kichwa. 1-1, jumla 3-2. Wangemfukuza Koller Machi, kombe lile lisingekuwepo, na la 2024 nalo pengine lisingekuwepo.

#14 Mdau wa Muscat

Nipo Oman, huku mechi zao tunazitazama sana. Mleta uzi, umesahau kusema kwamba 2025 wametolewa na Sundowns na kombe limekwenda Pyramids. Na Mayele ndiye aliyewapa. Utawala si umekwisha?

#15 Mleta uzi

Mkuu wa Muscat, sijasahau, nilikuwa naisubiri mtu ailete.

Aprili 2025, nusu fainali, Pretoria 0-0. Cairo wanaongoza 1-0 mpaka dakika za mwisho, beki wao Yasser Ibrahim akajifunga, 1-1, Sundowns wakavuka kwa goli la ugenini. Koller akaondoka. Pyramids wakawafunga Sundowns fainali, 1-1 kisha 2-1, na Mayele wetu akafunga. Furaha yangu kwa Mayele haina kifani, kijana ametoka Jangwani akawa mfungaji bora wa Klabu Bingwa Afrika. Na Pyramids wamebeba miaka saba tu tangu wapewe jina hilo, kwa hela na kwa kusajili vizuri.

Lakini kuhusu kwamba utawala umekwisha, nakataa. Mwaka 2017 walifungwa fainali na Wydad. 2018 wakaongoza 3-1 mechi ya kwanza, wakaenda Tunis wakapigwa tatu bila na Espérance. 2019 wakala tano Pretoria. Miaka mitatu mfululizo ya fedheha, na watu waliandika hivyohivyo, kwamba wamekwisha. Kisha zikaja fainali tano mfululizo, kuanzia 2020 hadi 2024, wakashinda nne.

Pyramids ndio nitakaowafuatilia kuliko wote miaka ijayo. Kombe la 2025 ni lao. Hawana wanachama wa Gezira, hawana rais aliyewahi kuwa mchezaji bora wa bara, mashabiki wao bado ni wachache hata Cairo kwenyewe. Siku mwenye timu akiamua kuiuza, kama alivyofanya wa kwanza, na mastaa watano wakaondoka dirisha moja, tutajua wamejenga nini.

Al Ahly wao Agosti 2025 wanamfukuza kocha, Oktoba wanaleta mwingine, na mwezi huohuo wanachama wanapiga kura. El Khatib amerudi.